Maji ya Moto ya Amboni na Mzimu Ulio Jirani Yake

 

Ndugu Waislamu, katika miezi hii ya karibuni swali moja limekuwa likitujia mara kwa mara baada ya sala ya Ijumaa, hapa Jang'ombe na katika misikiti mingine ya mjini. Je, inafaa kwa Muislamu kufunga safari hadi Tanga, akaoge katika chemchemi za maji ya moto zilizoko Amboni, kwa kutaraji nafuu ya maradhi yake? Wanaouliza ni wazee wenye maumivu ya magoti na mgongo, na wazazi ambao watoto wao wamejaa vipele visivyokwisha, na wapo pia waliokwishakata tamaa na dawa za hospitali. Majibu waliyoyapata mitaani yamewachanganya zaidi. Baadhi ya watu wamewaambia nendeni, maji yale yana baraka na pale pana wazee wanaojua kuombea. Wengine, na miongoni mwao wamo vijana wetu wenyewe wa daawa, wamewaambia kwamba safari yenyewe ni shirki na atakayekwenda atarudi hana dini. Sisi tunaona majibu yote mawili yamekosea. Wa kwanza anamharibia mgonjwa itikadi yake, na wa pili anamnyima tiba ya halali kwa jina la dini.

Kwa asiyepajua, Amboni iko kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, kandoni mwa barabara iendayo Mombasa. Ardhi yake ni ya miamba ya chokaa, na ndani ya miamba hiyo mna mapango makubwa ambayo sifa yake imeenea Afrika ya Mashariki nzima, yaliyohifadhiwa kwa sheria tangu enzi za Waingereza. Si mbali na mapango hayo ndipo zinapobubujika chemchemi za maji ya moto zinazojulikana kwa jina la Galanos, Mgiriki mmoja aliyekuwa na mashamba ya mkonge katika sehemu zile. Anayekaribia huyajua kwa pua kabla ya kuyaona kwa jicho, kwani yananuka kama yai viza. Harufu hiyo ni ya kiberiti. Maji ya mvua huzama chini sana ardhini, mahali ambapo kwa kudura ya Mola miamba ina joto, kisha hupanda tena kupitia katika nyufa yakiwa yameyeyusha madini aliyoyapitia njiani, na kiberiti ni mojawapo.

Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa na mtu faida ya kiberiti kwa ngozi. Waliita kiberiti upele, wakakisaga, wakakichanganya na mafuta ya nazi, wakampaka mtoto mwenye upele. Jina la kitu lenyewe limebeba kazi yake. Nao matabibu wa Kiislamu waliijua faida hiyo karne nyingi kabla. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037 Miladia), amezungumzia katika kitabu chake cha al-Qanun kuoga katika maji yenye kiberiti, akiyahesabu pamoja na tiba nyingine. Hakuyataja kuwa ni maji ya walii wala ya jini. Aliyataja kama anavyotaja mzizi au mbegu, kwamba yana tabia fulani na kwamba tabia hiyo humfaa mgonjwa huyu na humdhuru yule.

Basi asili ya jambo hili ni halali, na ushahidi wake ni mwingi. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamrisha kujitibu na akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee, Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.). Na katika Suratu Saad tumesimuliwa jinsi Nabii Ayyub (A.S.), baada ya mtihani mrefu wa maradhi, alivyoamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yakamtokea maji ya kuoga na ya kunywa. Aliyemponya ni Mola wake, naye alitaka iwe kwa sababu ya maji yaliyotoka ardhini. Kijana anayesimama mlangoni mwa msikiti akamwambia mama wa watu kwamba kuoga maji ya chemchemi ni shirki, ameharamisha bila ya dalili jambo ambalo sharia imeliachia mlango wazi, na kuharamisha lililo halali si uchaji Mungu.

Hata hivyo tiba ina adabu zake, na ya kwanza ni kumsikiliza anayejua. Maji yenye kiberiti yanaweza kumpunguzia mtu muwasho wa ngozi, na joto la maji huweza kulegeza viungo vilivyokakamaa. Hayaondoi kifua kikuu, wala saratani, wala kisukari. Mwenye kisukari ndiye tunayemkhofia kuliko wote, kwani nyayo zake huweza kuwa zimekufa ganzi, akatia mguu katika maji ya moto, akaungua asijijue mpaka jeraha likaoza. Mwenye maradhi ya moyo au shindikizo la damu, na mwanamke mja mzito, wasiingie bila ya kumuuliza daktari. Maji yale ni ya kuoga. Asiyanywe mtu, wala asimnyweshe mtoto. Na anayetumia dawa za hospitali azichukue safarini na azimeze kwa wakati wake. Ama maradhi ya akili, yana madaktari wake katika hospitali ya Kidongo Chekundu, mwendo wa miguu tu kutoka hapa petu, na inasikitisha kuona familia inamvusha bahari kijana wake aliyeugua, kwa gharama ya kuuza vyombo vya ndani, na huku haijampeleka hata mara moja mahali ambapo angeliweza kwenda na kurudi kabla ya Adhuhuri.

Sasa tuje kwenye neno baraka, maana hapa ndipo unapoanza mparaganyo. Wanavyuoni wametenganisha baina ya manufaa yanayojulikana kwa majaribio na baraka inayojulikana kwa nassi. Kwamba kiberiti hufaa upele, hili limejulikana kwa majaribio, na Muislamu na asiyekuwa Muislamu wote wananufaika nalo sawasawa. Kwamba maji fulani yamebarikiwa, hili haliwi ila kwa kauli ya Mwenyezi Mungu au ya Mtume wake, kama ilivyothibiti kwa maji ya Zamzam katika Sahihi Muslim kwa Hadithi ya Abu Dharr (R.A.). Amboni haina nassi. Anayeyaita maji yake kuwa ni matakatifu, akayajaza katika chupa na kuja kuyauza Darajani kwa bei ya dawa ya kufukuza mashetani, anamzulia Mwenyezi Mungu jambo asilolisema, na anakula mali ya watu kwa batili. Na ajabu ni kwamba mnunuzi huyo huyo, ukimwambia akanunue kiberiti upele kwa pesa kidogo, anaona umemdharau.

Lau Amboni ingekuwa na chemchemi peke yake, tahariri hii ingelikuwa fupi. Lakini jirani ya maji kuna pango, na ndani ya pango mna mahali paitwapo Mzimu wa Mabavu. Watu hufika hapo kuomba mtoto, kuomba mali, kuomba adui aanguke. Huacha chupa za marashi, sarafu, ubani na vitambaa. Wengi wao wana majina ya Kiislamu, na wapo wanaoanza kwa Bismillahi na kumalizia kwa kumtaja mwenye pango. Njia ya kutoka kwenye maji hadi huko ni fupi, na hii ndiyo khatari tunayotaka ifahamike. Mgonjwa haendi Tanga akiwa amenuia shirki. Anakwenda akiwa amenuia kuoga. Anaoga siku ya kwanza na ya pili, goti halijapoa, pesa za kulala zinakwisha, ndipo anapotokea mtu mpole akamwambia kwamba maji peke yake hayatoshi, mwenyewe wa mahali hapa hajaombwa ruhusa. Aliyechoka kwa maumivu ni mwepesi wa kusadiki. Anatoa sarafu moja tu, kwa kuona haya, na hajui kwamba amevuka mpaka uliotenganisha Tauhidi na kinyume chake.

Sisi wa Unguja tusiwacheke watu wa Tanga kwa hili. Kwetu nako kuna mapango ya pwani ya mashariki, kama Pango la Kuumbi karibu na Jambiani, ambamo watu wamekuwa wakipeleka vitu vyao na haja zao miaka nenda miaka rudi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba Kuumbi walikwenda kutafuta athari za wanaadamu wa maelfu ya miaka iliyopita, na jirani zetu wa leo bado wanakwenda kutafuta riziki. Maradhi ni yale yale.

Na si maradhi mapya. Abu Waqid al-Laythi (R.A.) amesimulia, kama alivyopokea Tirmidhi, kwamba walitoka na Mtume (S.A.W.) kwenda Hunayn, nao ni watu waliosilimu karibuni. Washirikina walikuwa na mti wakiutundika silaha zao kutafuta baraka, ukiitwa Dhatu Anwat. Walipoupita mti mwingine wakamuomba Mtume awafanyie nao Dhatu Anwat yao. Akalistaajabia ombi hilo, na akalilinganisha na ombi la Bani Israili kwa Musa (A.S.) walipotaka kufanyiwa mungu kama walivyokuwa nao wengine. Angalia, ndugu msomaji, kwamba wale walikuwa wako pamoja na Mtume, wako njiani kwenda jihadi, na hawakuomba kuabudu mti. Waliomba baraka tu. Aidha imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliamrisha ukatwe mti ambao watu walidhani ndio ule uliofungiwa baia ya Ridhwan chini yake, alipoona wanaukusudia kwa kusali hapo. Ikiwa mti uliokaliwa na Mtume mwenyewe ulikhofiwa, je, pango lisilojulikana mwenyewe?

Wasafiri wetu wengi hawaishii Amboni. Wakiwa Tanga hupelekwa pia Tongoni, upande wa kusini ya mji, kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40 ya watu wa pwani hii walioishi kabla na karibu na wakati ambapo Vasco da Gama alipita mwambao huu mwaka 1498. Hapa pia tunahitaji uadilifu. Kutazama athari za waliotangulia hakukatazwi, na ni aibu kwa mtoto wa Kiislamu wa Zanzibar kutojua kwamba msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria. Kuzuru makaburi kumesuniwa, kwa ajili ya kuikumbuka Akhera na kumuombea maiti. Kinachokatazwa ni kugeuza jambo, hai akaenda kumuomba maiti badala ya kumuombea. Tena Mtume (S.A.W.) amezuia kufungwa safari kwa kukusudia utukufu wa mahali isipokuwa misikiti mitatu: Msikiti Mtukufu wa Makka, msikiti wake wa Madina na Msikiti wa Aqsa. Safari ya tiba, ya biashara, ya elimu au ya kuwaona jamaa haimo katika makatazo hayo, kwani msafiri hakukusudia utukufu wa ardhi. Kwa hivyo mtu ajiulize kabla ya kukata tikiti: ninafuata kiberiti kilichomo ndani ya maji, au ninafuata mahali? Jibu la nafsi yake ndilo hukumu yake.

Limebaki suala la sitara, ambalo wanaotuuliza hawalitaji kabisa, na sisi tunaliona kubwa. Kuoga pamoja mahali pa wazi kuna sharia zake tangu zama za mwanzo. Katika Hadithi ya Jabir (R.A.) waliyoipokea Tirmidhi na Nasai, anayemuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho amekatazwa kuingia hamamu bila ya shuka. Babu zetu waliyajua haya. Seyyid Said alipojenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, aliijenga ndani ya kuta na chini ya makuba (mapambo yake ya chokaa tumuachie yeye na Mola wake). Na Seyyid Barghash, aliyetawala baina ya 1870 na 1888, alipotaka watu wa mjini nao wapate hamamu, aliwajengea ile iliyoupa jina mtaa wa Hamamni, yenye vyumba na milango. Maji ya hamamu zetu yalitiwa moto kwa kuni, hayakutoka ardhini yakiwa ya moto, lakini adabu ilikuwa ni moja.

Wenzetu wa Oman, ambako Waunguja wengi huenda kutazama jamaa zao, wanayo maji ya ardhini yenye moto. Katika mji wa Rustaq, alikozikwa Imam Saif bin Sultan al-Yaarubi, ambaye zama zake ndipo Wareno walipotolewa katika ngome ya Mombasa mwaka 1698, na alikozikwa pia Imam Ahmed bin Said, muasisi wa dola ya Busaidi, kuna chemchemi ya Ain al-Kasfa yenye joto la kiasi cha nyuzi 45. Wenyeji huoga kwa ajili ya viungo na ngozi, na maji yanayobaki hupita katika mifereji mpaka mashambani. Mji wa historia, wenye makaburi ya watu wakubwa na maji ya dawa, na maji yale yale yakaenda kunywesha mitende. Tungependa watu wa Amboni, kwa msaada wa wenye uwezo, nao wapate kujenga vyumba vya sitara vilivyotenganishwa, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali, na wapate pato la halali kwa mgeni anayelipia kuoga. Pato la namna hiyo lingekuwa bora kwa vijana wa pale kuliko sarafu zinazookotwa pangoni.

Mpaka hayo yatakapopatikana, mwanamke asivue nguo mahali ambapo macho ya wanaume yanamfikia, hata akiambiwa kuwa kila mtu hufanya hivyo. Achote maji kwa ndoo, apelekewe alikofikia, aoge kwa faragha. Kiberiti hakipotei kwa kutiwa ndooni. Na asisafiri ila na maharimu wake. Jamaa wanaopanga kwenda kwa kikundi baada ya Idi tunawanasihi wachague mmoja wao mwenye elimu awe amiri wa safari, walipe nauli na malazi kwa wazi, na wasikubali kuongozwa na mtu yeyote anayetaja mwenyewe wa maji.

Mwisho tumeulizwa na waliokwishakwenda. Wapo walioweka nadhiri kule, kwamba wakipona watarudi kuchinja, na sasa wamepata nafuu na wana khofu kwamba wasipotimiza maradhi yatarejea. Ikiwa nadhiri ilikuwa kwa ajili ya mzimu, hiyo haikufungika, na kilichomlazimu aliyeiweka ni kutubia na kuisasisha Tauhidi yake. Asirudi, asitume mbuzi, asitume hata pesa. Ikiwa aliiweka kwa ajili ya Mwenyezi Mungu lakini akataja kuchinja pangoni, basi aijue Hadithi ya Thabit bin Dhahhak (R.A.) aliyoipokea Abu Daud, ya mtu aliyenadhiri kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume (S.A.W.) hakumruhusu mpaka alipouliza kama palikuwa na sanamu ikiabudiwa hapo, au sikukuu katika sikukuu za Majahili, na akajibiwa kuwa hapakuwa. Amboni jibu lake si kama la Buwana, kwa hivyo haifai kuchinja pale. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, nadhiri ya maasi haina kafara. Imam Ahmad na wengineo wamesema ina kafara ya yamini, kwa Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), na kwa hadhari tunamshauri aliyeingia katika jambo hili aitoe: alishe masikini kumi au awavishe, na asiyeweza afunge siku tatu. Masikini hao hana haja ya kuwatafuta Tanga. Wako hapa hapa Jang'ombe, na anayetaka kuelekezwa nyumba zao atuone baada ya sala ya Isha.